Nilivyoifufua winchi ya umeme ya zamani kwenye Land Rover yangu

Winchi (mashine ya kujivuta kwa waya gari linapokwama) iliyo mbele ya Land Rover 110 yangu ni Warn 8274, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1974. Niliikuta kwenye gari nililolinunua Arusha, na muuzaji aliniambia waziwazi kuwa haivuti. Karibu kila niliyemwonyesha alinishauri niing'oe, niipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, nichukue mpya ya Kichina. Sikukubali. Naeleza hapa tulivyoifufua kwa sababu najua zipo nyingi kama hii, zimekaa kwenye mabampa ya magari ya zamani zikila kutu, na ugonjwa wake unatibika.

Wenye Land Rover za miaka ya nyuma wanazikumbuka winchi zilizoendeshwa na injini yenyewe. Fairey ya Uingereza ilitengeneza ile yenye gogo la chuma lililosimama wima mbele ya gari: unazungusha kamba mara chache, unashika ncha yake, injini inavuta. Ilikuwa na nguvu, tena haikuchoka. Tatizo lake ni moja tu, injini ikizima katikati ya mto huna winchi. Umeme uliondoa kizuizi hicho. Warn, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1948 na habu za kufungia magurudumu ya mbele ya Jeep, ilitoa winchi yake ya umeme kwa ajili ya magari mwaka 1959. Mota yake ni ndugu wa stata. Inakula umeme wa betri moja kwa moja, kwa hiyo hata injini ikiwa imemeza maji bado unaweza kujivuta hatua kadhaa hadi ukingoni.

Hii 8274 inakadiriwa kuvuta paundi 8,000, kama tani 3.6, lakini kipimo hicho ni pale waya wa chuma wa kuvutia unapokuwa kwenye safu ya kwanza ya drumu, gogo unaloviringwa. Kila safu inayoongezeka juu yake inapunguza nguvu. Waya wake wa kiwandani ni wa milimita 8, urefu kama mita 45. Mota inakaa juu, drumu chini, na pembeni kuna nyumba ya aluminiamu yenye gia za meno yaliyonyooka zinazopunguza mizunguko 134 ya mota kuwa mmoja wa drumu. Breki nayo imo humo pembeni. Winchi nyingi fupi za siku hizi zimeificha breki ndani ya drumu, na unapoachia mzigo kwa muda mrefu joto lake linaishia kwenye kamba. Mimi napenda zaidi jambo jingine: hii inafunguka yote kwa spana za kawaida, mradi uwe na seti ya inchi.

Sasa ugonjwa wenyewe. Ukibonyeza swichi bila mzigo, drumu ilizunguka, ingawa kwa uvivu. Ukiipa mzigo, ililia kidogo ikasimama. Watu walisema mota imekufa. Nilimpelekea fundi mmoja mtaa wa Unga Limited, mzee anayesuka stata na altaneta za malori, na yeye hakuigusa mota kabisa. Aliomba tufunge waya kwenye Fuso iliyokuwa imepaki pale na shehena yake, tuvute huku amebana mita ya ampia kwenye waya wa betri.

"Mota hii haijafa, mwanangu," aliniambia. "Imebanwa pumzi. Twende tukaitafute njia iliyoziba."

Mita ilionyesha ampia 260. Betri kwenye vichwa vyake ilikuwa na volti 11.2, lakini kwenye mota zilifika 8.5 tu. Volti 2.7 zilikuwa zinapotelea njiani, na kwa ampia 260 hizo ni wati 700 zinazogeuka kuwa joto kabla ya kufika kunakohitajika. Mzee akaanza kuzisaka kipande kwa kipande, ncha moja ya voltimita huku, nyingine kule, mimi nikibonyeza swichi kila aliponyanyua mkono. Waya wa chanya ulikula 0.4. Solenoidi, yaani swichi nzito zinazopeleka umeme kwenye mota, zilikula 0.9. Upande wa hasi ndio uliokuwa mlafi, volti 1.4, kwa sababu waya ule haukurudi kwenye betri. Ulifungwa kwa bolti kwenye bampa, bampa likategemea boriti za chesisi, na kati yake kulikuwa na rangi, kutu na udongo wa miaka mingi.

Nimelieleza hili kwa urefu makusudi. Winchi ya aina hii ikivuta mzigo wake wote inapita ampia 400, na umeme mwingi kiasi hicho hausamehe bolti yenye kutu. Kabla hujalaani mota, pima. Voltimita ya bei ndogo inatosha, ila lazima upime winchi ikiwa inavuta. Ikiwa imetulia, waya mbovu kabisa utakuonyesha volti 12 na zaidi, utaondoka umeridhika bure.

Tulitoa nyaya zote. Nilinunua waya wa milimita za mraba 50, ule laini mweusi wanaoutumia wachomeleaji, nikavuta mmoja wa chanya na mmoja wa hasi, wote kutoka winchi hadi kwenye betri. Vichwa vya shaba tulivibana kwa presi ya mkono kisha tukavifunika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Karibu na betri niliweka swichi kubwa ya kukata umeme, kwa sababu waya mnene usio na fyuzi unaopita mbele ya gari, ukichubuka na kugusa chuma, unaweza kuliteketeza gari zima. Nikiwa sivuti, swichi ile imezimwa.

Solenoidi zilikuwa nne, za kizamani, zikiwa ndani ya kasha juu ya mota. Kazi yake ni kupeleka umeme na pia kugeuza mwelekeo. Mota hii ni ya sirizi, yaani umeme uleule unapita kwenye koili za pembeni kisha kwenye amecha, sehemu ya katikati inayozunguka, na ukibadilisha tu chanya na hasi kwenye betri itazunguka upande uleule. Ili irudi nyuma ni lazima ugeuze umeme wa koili za pembeni peke yake, au wa amecha peke yake. Ndiyo maana kuna zote nne. Mzee alizifungua mbili. Sahani za shaba ndani yake zilikuwa zimeungua, zina vishimo vyeusi. Angeweza kuzisugua, na wengi hufanya hivyo, lakini solenoidi iliyoungua ina tabia ya kuganda ikiwa imewaka, na winchi isiyozimika ni hatari kuliko isiyowaka. Niliagiza Nairobi kontakta moja ya Albright, swichi nzito inayofanya kazi ya zote nne. Ndiyo iliyonigharimu zaidi katika zoezi zima, na sijutii.

Mota tuliifungua hata hivyo, maana tulishaikaribia. Ndani kulikuwa na vumbi jeusi la kaboni, na brashi, vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye amecha, zimeisha hadi karibu na nyaya zake. Mzee alipekua kopo lake la brashi za stata akapata zilizokaribia vipimo, akaziweka juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo, akawa anazisugua taratibu na kuzijaribu kwenye vikalio vyake mpaka zikawa zinateleza bila kucheza. Amecha ilienda kwenye mashine ya kuchonga, ikatolewa ngozi nyembamba sana ili shaba iwe duara safi. Kisha akakaa kwenye kigoda, amecha mapajani, na kipande cha msumeno wa chuma alichokinoa ncha, akachimba mika, kihami kilicho katikati ya vipande vya shaba, mfereji mmoja baada ya mwingine. Mika ikibaki juu ya shaba inazinyanyua brashi, cheche zinaanza, na kazi yote inakuwa ya bure. Nilimtazama akiizungusha amecha ile yote bila kuruka mfereji hata mmoja. Ufundi wa namna hii tunao mitaani kwetu, na ndio unaofanya kifaa cha zamani kiwe na thamani hapa kuliko kwenye nchi ambako hakuna tena anayefungua mota.

Gia zenyewe zilikuwa nzima. Tuliziosha kwa mafuta ya taa, tukabadilisha sili na kuweka grisi mpya.

Breki ilihitaji umakini zaidi. Imejengwa hivi: kuna gurudumu la meno lililobanwa kati ya diski mbili za msuguano, na kidole cha chuma kinacholiruhusu gurudumu hilo kuzunguka upande wa kuvuta tu. Mzigo ukitaka kurudi nyuma, diski zinajibana zenyewe na kidole kinashika. Ndiyo maana ukivuta unasikia tik-tik-tik ndani. Ni kidole kikipanda na kushuka kwenye meno, na sauti hiyo ni dalili ya afya. Diski zetu zilikuwa zimelowa mafuta. Tulizisafisha, tukazipima unene, tukaona bado zinafaa, tukarudisha kila kitu kwa mpangilio uleule. Kisha tukalijaribu gari kwenye mteremko: likining'inia kwenye waya, gia huru, nikaachia swichi. Lilibaki palepale. Mzee akachora mstari wa chaki kwenye drumu, tukanywa chai, tukarudi, mstari uko mahali pake.

Tulipopima tena na lile Fuso, volti zilizokuwa zikipotea zilishuka kutoka 2.7 hadi 0.6, na winchi ikalivuta huku ikilia kwa sauti nene, ya mfululizo.

Kuhusu waya wa kuvutia, ule wa zamani niliutupa. Ulikuwa na nyuzi zilizokatika na kuchomoza, na nyuzi hizo zinachana kiganja hadi ndani. Wengi sasa wanahamia kamba za sintetiki, nyepesi na zisizo na miiba, na ni nzuri kweli. Mimi nimebaki na chuma. Huku kwetu gari linashinda juani, na mchanga wa majivu ya volkano unaingia kila mahali na kusaga nyuzi za kamba kutoka ndani. Chuma kinavumilia zaidi, ila kinataka heshima: glavu za ngozi, mizunguko isiyopungua mitano ibaki kwenye drumu, na koti zito au blanketi juu ya waya wakati wa kuvuta, ili ukikatika usiruke hewani. Hakuna mtu anayeruka waya uliokaza. Hilo sina mzaha nalo hata kwa mzee aliyenizidi umri.

Kazi ya kweli ya kwanza ilikuwa masika, barabara ya Engaruka kwenda Engaresero, kwenye korongo lililokuwa limetoka kupitisha maji. Gari lilizama hadi ekseli kwenye udongo mweusi. Tope la namna hiyo linanyonya, na linaweza kudai nguvu kubwa kuliko uzito wa gari lenyewe, kwa hiyo sikuvuta kwa mstari mmoja. Nilifunga mkanda mpana kwenye shina la mgunga (mkanda, kwa sababu waya unaukata mti ganda na kuuua), nikaweka kapi, nikarudisha ndoano kwenye gari. Nguvu inakaribia kuwa maradufu, mwendo unakuwa nusu, na waya mwingi unatoka kwenye drumu, kwa hiyo winchi inafanya kazi kwenye safu za chini ambako ina nguvu zaidi. Faida mbili kwa kapi moja. Injini niliiacha ikinguruma. Altaneta haiwezi kutoa ampia mia kadhaa, lakini inairudishia betri kidogo kila unapopumzika. Nilivuta kwa muda usiofika dakika, nikapumzisha, nikagusa mota kwa kiganja kuona joto lake, nikavuta tena, hadi magurudumu ya mbele yakapata changarawe.

Mbele zaidi, kuelekea Ziwa Natron, hakuna miti. Huko nanga yako ni tairi la spea: unachimba shimo refu, unaliweka tairi likiwa limesimama, waya unapita kwenye mfereji mwembamba ukiwa umelala chini kadiri inavyowezekana, unafukia na kushindilia. Ni kazi ya jasho, ila inashika.

Ukikutana na 8274 inayouzwa, au nyingine ya rika lake, usiitazame rangi. Achia klachi uvute waya kwa mkono: drumu izunguke bila kukwaruza. Shika drumu uitikise, uone kama bushi zimechakaa. Chungulia nyumba ya gia kama ina ufa, maana aluminiamu iliyopasuka ndiyo inayosumbua kweli, kuliko mota na solenoidi. Kisha nenda na waya zako mnene na betri yenye chaji, uziunge moja kwa moja kwenye winchi, usikilize inavyovuta. Muuzaji akisema haivuti, mwulize waya wa hasi umefungwa wapi.