Pikapu kwa trekta

Nimekulia Kenya, ambako kantri si muziki wa wageni; Kenny Rogers na Dolly Parton tuliwasikia redioni tangu utotoni. Lakini tangu jirani yangu Mpunjabi aanze kunifasiria nyimbo za kwao, naona kantri na muziki wa Punjab, kule India, ni ndugu waliolelewa mabara mbalimbali.

Marekani wanaimba pikapu, Punjab wanaimba trekta. Sidhu Moose Wala, mwimbaji wa Punjab aliyeuawa Mei 2022, aliipenda trekta yake ya HMT 5911 hadi ikawa alama yake. Alishaishi Kanada, akajulikana duniani, kisha akarudi kukaa kijijini kwao, Moosa. Fahari hiyo ya kijiji naijua kabisa kutoka kwenye kantri.

Kilichonigusa zaidi ni shida za shamba. Mwaka 1985 mwimbaji wa kantri Willie Nelson na wenzake walianzisha Farm Aid, tamasha la kuwachangia wakulima wa Marekani waliokuwa wakipoteza mashamba kwa sababu ya madeni. Mwaka 2020 wakulima wa Punjab walienda na matrekta hadi mipakani mwa Delhi kupinga sheria mpya za kilimo. Wanamuziki wao wakawatungia nyimbo, na mwimbaji Diljit Dosanjh akaenda mwenyewe kusimama nao. Sheria zile zilifutwa mwaka uliofuata. Mwanamuziki anayemkumbuka mkulima siku ya dhiki, huyo namheshimu mno.

Pombe na mapenzi yaliyovunjika yamo kote pia, bila shaka. Kwa sasa nimenaswa na tumbi, ala yao ya uzi mmoja. Mwenye nyimbo nzuri za tumbi anitumie, tafadhali.