Kamba yenye mafundo: jinsi tulivyoweka sheria za kuogelea kando ya Ziwa Kivu

Naishi Himbi, mjini Goma, si mbali na ziwa, na kwa miaka mingi niliamini kwamba mtoto aliyekulia kando ya maji huyazoea mwenyewe. Imani hiyo iliniisha Jumamosi moja ya mwaka 2022, mtoto wa dada yangu, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, alipozama hatua chache tu kutoka mahali nilipokuwa nafua nguo. Hakupiga kelele hata kidogo. Niliinua kichwa, nikaona paji lake la uso likipanda na kushuka juu ya maji, mdomo wazi bila sauti, nikadhani anacheza. Kijana aliyekuja kuchota maji ndiye aliyetambua na kumvuta kwa mkono. Siku hiyo nilijifunza kwamba anayezama hana pumzi ya kuita wala mkono wa kupunga, kwa kuwa mikono yote miwili inasukuma maji chini ili mdomo uifikie hewa.

Nilipopeleka habari kwa mzee wa nyumba kumi, alitaka tuwakataze watoto kufika ziwani. Nilimwambia, kwa heshima, kwamba hilo haliwezekani: bomba likikauka, ni watoto hao hao tunaowatuma na bidoni, yaani madumu ya maji. Basi tukakubaliana kwanza kupima.

Mvuvi mmoja wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alitusaidia. Alifunga jiwe kwenye ncha ya kamba, tukapiga fundo kila nusu mita, kisha akaingia majini taratibu akiitupa mbele yake. Hatua za kwanza maji yalimfika magotini, kisha kiunoni, kisha kifuani. Hatua iliyofuata kamba ilikwenda hadi fundo la kumi na mbili bila jiwe kugusa chini. Alirudi akaniambia, «Mama, hapa mnawaogesha watoto mlangoni mwa shimo.» Ufuko wetu ni mawe meusi ya volkano, si mchanga unaoteremka polepole, na ziwa lenyewe lina kina cha zaidi ya mita 480 mahali pake pa chini kabisa. Mgeni akisikia kwamba Kivu haina mamba wala viboko huvua nguo na kuingia bila wasiwasi, kumbe hatari iko chini ya nyayo zake.

Tulinyoosha kamba kati ya majabali mawili, pale maji yanapomfika kitovuni mtoto wa miaka minane, tukaining'inizia bidoni tupu za manjano ili ionekane kutoka mbali. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, na ndiyo inayoshikwa zaidi, kwa sababu mtoto anaiona kwa macho yake. Ya pili inahusu saa: kuogelea ni kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita, kabla upepo wa mchana haujaanza kupiga mawimbi kwenye mawe, na radi ikisikika kila mtu anatoka.

Saa tatu hatukuichagua kwa ajili ya mawimbi peke yake. Kuna mazuku, ile hewa nzito ya ukaa inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni karibu na ziwa, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umetulia. Haionekani, tena huua kwa kumkosesha mtu pumzi, na mtoto huwahi kuanguka kuliko mtu mzima kwa kuwa pua yake iko karibu na ardhi. Kwa hiyo tumekataza kupita kwenye mashimo ya mawe kabla jua halijapanda, na tumewafundisha watoto kwamba wakimwona mwenzao au mbuzi ameanguka shimoni wasiteremke kumfuata, bali wakimbie kuita watu.

Sheria iliyotugharimu jasho ni ile ya kutomrukia anayezama. Moyo unataka kuruka, na hivyo ndivyo wanavyozama wawili. Tuliamua kwamba aliye ukingoni atupe bidoni ya lita 20 iliyofungwa kifuniko vizuri na yenye kamba. Siku ya mazoezi upepo uliipeperusha kando kila tulipoitupa, mpaka msichana anayetia klorini kwenye bidoni za wachota maji alipopendekeza tuache ndani maji kidogo, kama lita moja, ili iwe na uzito wa kufika. Ilifika, na bado ilielea. Kwa kuwa yeye hukaa ufukoni tangu asubuhi na bomba lake la sindano la kutilia klorini, tulimwomba ashirikiane na mzazi wa zamu kuwaangalia watoto, naye akakubali. Mkufunzi wa huduma ya kwanza alituonyesha pia kwamba aliyetolewa majini asiyepumua haning'inizwi kichwa chini: apuliziwe pumzi tano kwanza, kisha asukumwe kifua mara 30 na kupuliziwa mbili, bila kukata tamaa.

Wazazi waliotubeza walinyamaza baada ya tarehe 3 Oktoba 2024, boti lililotoka Minova lilipozama karibu na bandari ya Kituku. Wengi wao walikuja wenyewe kuuliza zamu.

Lililobaki kunisumbua ni wasichana. Wao ndio wanaochota maji kuliko wote, lakini wanaona haya kuoga pamoja na wavulana, kwa hiyo wengi hawajui hata kuelea. Tumewatengea Jumamosi, saa tatu hadi saa tano, wavulana wakisubiri juu barabarani. Wiki iliyopita walikuja kumi na mmoja. Mdogo wao alilala chali juu ya maji, shingo ngumu kama ubao, akiushika mkono wangu kwa vidole viwili; halafu akaachia kimoja.