Jioni ile chini ya mbuyu dume

Jana nilikuwa natafuta vitunguu kwenye kapu la jikoni, mkono ukazama kwenye nusu ya kabichi tuliyoisahau tangu wiki iliyopita. Harufu ikanijaa puani. Mama Neema akasema, "Baba Neema, hebu katupe nje hiyo kitu." Nikatoka nayo, lakini nikasimama mlangoni. Hiyo ndiyo harufu ya ua la mbuyu, na mara ya kwanza kuinusa nilikuwa na miaka kumi, Kongwa, Dodoma, nyuma ya tembe ya Bibi.

Neema anaujua ubuyu. Ule mwekundu wa sukari na iliki, unaomwacha mtoto na ulimi kama kapakwa rangi. Ua lake hajawahi kuliona, na wala si yeye peke yake. Wengi wetu tumekua na kuchunga mbuzi chini ya mibuyu bila kuliona likifunguka, maana linafunguka giza likiingia, na kesho yake limeshasinyaa. Na magharibi, chini ya mbuyu, mtoto hakai. Sote tuliambiwa kuna nini pale.

Mbuyu wa kwa Bibi uliitwa dume. Maua kila mwaka, mabuyu hakuna, au moja mawili ya kutia huruma. Mjomba alishasema mara nyingi ukatwe. Babu ndiye aliyekuwa anamcheka, kwa sababu ujanani aliwaona Waingereza wa mpango wa kulima karanga, mwaka 1947, wakija Kongwa na matrekta kufyeka pori. Mibuyu iliwatoa jasho. Mingine ilikuwa na uwazi ndani ya shina, na mle mna nyuki, na nyuki hawajui trekta ni la nani. Kufika 1951 mpango wenyewe ulishakufa, mibuyu ipo. "Wewe na kishoka chako," Babu alimwambia Mjomba, na habari ikaishia hapo.

Ilikuwa Desemba, mvua za kwanza zimeshanyesha. Nilitumwa kufungia kuku. Nikahesabu, mtetea mweusi hayupo. Nikazunguka nyuma kumtafuta, nikamkuta amejikunyata kwenye mizizi ya mbuyu. Nikainama kumkamata, na nilipoinuka, kichwa kikagusa kitu kinachoning'inia.

Lilikuwa tumba la ua. La kijani, la mviringo, karibu ukubwa wa limau, limening'inia kwenye kikonyo kirefu kama taa. Ganda lake lilikuwa limechanika ncha. Nikabaki naliangalia, mtetea kwapani, na hapo nikaliona linatembea. Sisemi lilikuwa limefunguka. Nasema nililiona likifunguka. Lile ganda lilijikunja kurudi juu, polepole lakini jicho linafuata, na petali nyeupe zikatoka zimejikunjakunja kama nguo iliyokamuliwa ambayo bado haijaanikwa. Moja ikajinyoosha. Nyingine ikafuata kwa mshtuko mdogo, kama mtu anayesinzia akishtuka. Zilipofika tano, katikati pakashuka mpira wa nyuzi nyembamba, mamia kwa mamia, kama matamvua ya shali. Ua lilikuwa kubwa kuliko kiganja changu, limetazama chini. Na ile harufu ikaja.

"Mume wangu, kuku mmoja anakuchukua usiku kucha?"

Bibi. Na fimbo yake. Nilijua nimekwisha, maana mahali pale na saa ile yalikuwa makosa mawili. Akaja moja kwa moja akanishika sikio. Kisha akainua macho. Vidole vyake vilibaki sikioni kwangu, vina joto na unga wa uwele, lakini havikuvuta. Juu yetu tawi zima lilikuwa linafunguka, ua hili na lile, nyeupe kwenye giza. Bibi aliolewa akaletwa kwenye boma lile akiwa msichana. Alikuwa ameishi na mti ule umri wake wote wa utu uzima.

"Mbukwa," akasema, salamu ya Kigogo. Taratibu, kama anavyomsalimia mgeni aliyemkuta kashaketi.

Halafu popo akaja. Nilihisi upepo wa mabawa usoni kabla sijamwona. Alilikumbatia lile ua lililokuwa mbele yetu, uso kama wa kijibwa, macho makubwa yanayong'aa, akazamisha mdomo kwenye zile nyuzi akilamba asali ya ua. Sekunde mbili, tatu. Akaondoka na unga wa ua umemganda kifuani. Mwingine akaja, na mwingine. Bibi hakusema neno. Mtetea naye alitulia kwapani kama ameelewa.

Nilikuwa sekondari nilipojifunza kwamba ua la mbuyu lina sehemu ya kiume na ya kike humo humo, kwa hiyo mbuyu dume haupo. Ila mbuyu hauzai vizuri kwa chavua yake wenyewe, ule unga wa ua. Unataka ya mbuyu mwingine. Popo anayekula matunda ndiye anayeibeba usiku, kifuani na usoni, kutoka boma hadi boma. Wale ambao tuliambiwa ni mashetani ya mbuyu walikuwa kazini.

Asubuhi maua yalikuwa yameanguka, laini, yameshageuka kahawia, mbuzi wanayagombania. Mjomba akauliza jana usiku tulikuwa wapi, mlenda umepoa. Bibi akasema tulikuwa tunatafuta kuku. Basi. Hakumsimulia mtu, hata Babu, na jioni hiyo hiyo nilimsikia akiwafokea watoto wa jirani waondoke chini ya mbuyu, giza hilo. Kuna siku nadhani alikuwa bado anawaogopea. Kuna siku nadhani alitaka pabaki pake.

Mwezi wa sita nikayahesabu mabuyu. Yalikuwa saba, makubwa, na ngozi yake ya manyoya laini kama mahameli. Bibi aliyaangua mwenyewe kwa mti mrefu, akatukorogea ubuyu na maziwa, na mti akaendelea kuuita dume. Sikumbishia.

Neema ameuliza kama tunaweza kwenda Desemba.