Wembe mdogo na mwepesi kwa ndevu za kipilipili

Anayetaka kujifunza kunyoa kwa wembe wa kukunja, ule wa kale ambao chuma chake hufungwa ndani ya mpini, karibu kila mara hushauriwa anunue wembe wenye upana wa inchi 5/8 au 6/8, kwa hoja kwamba uzito wa chuma utamfanyia kazi ambayo mkono wake haujaizoea. Ushauri huo siukubali. Kwa mtu mwenye ndevu za kipilipili, anayeishi katika joto la Mombasa na anayejinyoa mwenyewe mbele ya kioo, ninaamini kwamba wembe mdogo wa inchi 4/8 ndio unaofaa zaidi.

Upana wa wembe hupimwa kutoka mgongoni hadi kwenye makali, kwa sehemu za nane za inchi, kwa hiyo wembe wa 4/8 una milimita 12.7 na ule wa 6/8 una milimita 19 hivi. Tofauti hiyo ya milimita 6 haionekani kuwa kubwa mpaka mtu afike chini ya pua. Hapo mgongo wa wembe mpana hugonga pua kabla makali hayajafika kwenye mzizi wa sharubu, na mnyoaji hulazimika kuuinua wembe zaidi ya inavyofaa, jambo ambalo huyafanya makali yakwangue ngozi badala ya kukata nywele. Wembe mdogo huingia pale wote, ukiwa umelala vilevile ulivyolala shavuni. Faida hiyo huonekana tena kwenye kibonde kilicho chini ya mdomo, kwenye ncha ya sharafa inayotakiwa kunyooka, na zaidi ya kote chini ya taya, mahali ambapo ndevu za wengi wetu hubadili mwelekeo ghafla, hizi zikielekea chini na zile za jirani zikielekea sikioni.

Kuhusu uzito, ni kweli kwamba nyembe nene za kale za Sheffield huko Uingereza, ambazo pande zake zimenyooka kama kabari, hupita kwenye ndevu ngumu bila kutetereka. Lakini wembe mzito ukishaanza kushuka huendelea kushuka, hata pale kidole kilichovuta ngozi kinapoteleza kwa jasho au sabuni. Wembe mwepesi, hasa uliochimbwa pande zote mbili mpaka zikabonyea kama walivyozoea kufanya mafundi wa Solingen huko Ujerumani, hausogei ila kwa nguvu ya mkono, na mkono ukisimama nao husimama. Tena una sauti: nywele zikikatika vizuri husikika mlio mwembamba na mkavu, na makali yakianza kuchoka mlio huo hufifia na wembe huanza kuvuta. Wapo wanaoiona hiyo kuwa kasoro, kwamba wembe mdogo hauvumilii ubutu. Mimi naiona kuwa uaminifu wake, kwa sababu uzito huweza kuficha ubutu mpaka shingo iwe imekwisha kuwasha. Jambo moja tu ndilo ninalolihesabu kuwa usumbufu, nalo ni kwamba chuma chembamba hubeba povu kidogo, hivyo hutakiwa kusuuzwa mara kwa mara.

Sababu yangu kubwa ya kupenda wembe wa kukunja, hata hivyo, ni vipele. Nywele ya kipilipili hujikunja tangu ndani ya ngozi, na ikikatwa chini mno ncha yake hurudi ndani, kisha inapokua huitoboa ngozi kutoka upande na kuleta uvimbe, wakati mwingine usaha na alama nyeusi. Mashine za kunyolea zenye nyembe mbili au tatu zilizopangwa pamoja huongeza tatizo hilo, kwa kuwa wembe wa kwanza huuvuta unywele na unaofuata huukata chini ya usawa wa ngozi. Makali mamoja, yakipitishwa kuelekea upande ambao ndevu zinaota na bila kurudiwarudiwa, huuacha unywele juu kidogo tu ya ngozi. Uso hautakuwa laini kama wa mtoto, lakini utakuwa salama.

Maji ni nusu ya kazi, na wahenga waliosema mwenzako akinyolewa wewe tia maji walijua wanachokisema. Ninalowesha ndevu kwa maji ya vuguvugu, ninapaka sabuni kwa brashi mpaka povu lisimame, kisha ninavuta ngozi kwa mkono wa kushoto na kuulaza wembe kwa pembe ya nyuzi 30 hivi. Wembe husogezwa mbele tu. Ukisogezwa kando, hata kwa upana wa punje ya mchele, hukata.

Mombasa ina adui wake wa wembe, nayo ni kutu. Chuma cha kaboni, ambacho ndicho kinachoshika makali mazuri, hakipatani na hewa yenye chumvi, na mtu anayekaa Mji wa Kale au Nyali asiuache wembe bafuni hata usiku mmoja. Baada ya kunyoa ninaufuta kwa kitambaa cha pamba, ninaupitisha mara chache kwenye ukanda wa ngozi wa kunyooshea makali, mgongo ukitangulia, ninauacha wazi karibu na feni, kisha ninapaka tone la mafuta ya cherehani, bila kusahau pale penye msumari wa mpini, ambapo maji hujificha. Wembe mdogo unahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu milimita moja ya kutu ikilazimu kunolewa, sehemu ya upana wake inayopotea ni kubwa kuliko ya wembe mpana.

Katika kunoa, mgongo na makali hulala pamoja juu ya kinoo, na mgongo ndio unaopanga pembe. Mzee mmoja kinyozi wa Kibokoni, nilipomwamkia na kumwomba anitazame ninavyonoa, aliushika mkono wangu na kusema, "Mwanangu, usikandamize, jiwe linakula lenyewe." Kwa sababu hiyohiyo, anayenunua wembe mdogo uliotumika autazame mgongo kwanza: ukiwa umelika na kuacha bapa pana lenye kung'aa, basi huenda ulizaliwa mkubwa na umefanywa mdogo na jiwe.

Wembe wa namna hii hauazimwi, hata kati ya ndugu, kwa kuwa damu isiyoonekana inaweza kubeba virusi vya homa ya ini au vya Ukimwi, na kuufuta kwa kitambaa hakuviondoi. Anayeniomba aujaribu wangu ninamshauri anunue mpini unaopachikwa nusu ya wembe wa kawaida, kama ule wanaoutumia vinyozi wengi siku hizi. Wembe huvunjwa katikati ukiwa bado ndani ya karatasi yake, hutumika, kisha hutupwa. Nao ni mwembamba na mwepesi, ingawa makali yake hukwaruza zaidi kuliko ya wembe ulionolewa vizuri, kwa hiyo aanze na mashavu, na shingo aiache mpaka mkono utulie.