Maumivu ya kifua yaliyopungua kwa kuinama mbele: jinsi tulivyotibu uvimbe wa utando wa moyo
Kaka yangu, mkazi wa Tororo, alishikwa na maumivu makali ya kifua yaliyomchoma kila alipovuta pumzi, pamoja na homa ndogo. Alipewa dawa za malaria, kisha za vidonda vya tumbo, bila nafuu.

Kilichofungua njia ni jambo ambalo shemeji alikuwa ameliona usiku: mgonjwa akilala chali maumivu yalizidi, bali akikaa na kuinama mbele yalipungua. Daktari alipoelezwa hayo, alimwinamisha vilevile, akaweka stetoskopu upande wa kushoto wa mfupa wa kidari, akasikia mkwaruzo kama wa ngozi kavu zinazosuguana. Hiyo ni dalili ya uvimbe wa utando unaozunguka moyo (perikaditisi). Kipimo cha umeme wa moyo kiliunga mkono, na picha ya mawimbi ya sauti ikaonyesha maji kidogo kuzunguka moyo.

Kwa kuwa hapa Uganda kifua kikuu ni chanzo kikubwa cha ugonjwa huu, na tiba yake ni tofauti kabisa, tena ya miezi 6, alipimwa kwanza makohozi na VVU. Majibu yalikuwa hasi. Ndipo akaanzishiwa ibuprofeni kila baada ya saa 8, omeprazoli ya kulinda tumbo, na kolchisini, dawa ya kupunguza uvimbe, kwa miezi 3. Maumivu yalitulia mapema, lakini nasisitiza kwamba kolchisini isikatizwe kabla ya muda, kwani ndiyo inayopunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi. Alizuiwa pia kazi nzito na kucheza mpira mpaka vipimo vitengemae. Picha ya karibuni imeonyesha kwamba maji yamekwisha.