Kumbukumbu ya mradi wangu: siti ya pikipiki iliyochanika

Ijumaa jioni

Siti imechanikia kwenye mshono wa mbele, upande wa kushoto, pale paja linapopita kila unapopanda na kushuka. Mpasuko wenyewe si mkubwa, kama urefu wa kiganja. Tatizo ni maji. Mvua ikipiga usiku, asubuhi unaifuta siti, unaiona kavu kabisa, unakaa, na baada ya muda mfupi suruali imeloa. Solatepu haisaidii: jua likiwaka gundi yake inalainika, inahamia kwenye nguo.

Nimelegeza nati mbili za chini kwa spana namba 10, siti ikatoka. Kazi ya kuchosha ilikuwa pini za stepla zilizoshika kava kuzunguka ukingo wote. Bisibisi bapa nyembamba inaingia chini ya mgongo wa pini, unainyanyua kidogo, unaikamata kwa plaizi na kuivuta wima. Ukiivuta kwa ubavu inakatika, mguu mmoja unabaki ndani, na huo ndio utakaolitoboa kava jipya. Na usiegemeze bisibisi kwenye ukingo wa plastiki ya chini ya siti; plastiki iliyozeeka inameguka.

Jumamosi

Sponji ilikuwa nzito ajabu. Nimeibonyeza, yakatoka maji ya rangi ya chai. Sikuikamua kwa kuisokota, maana sponji ya zamani inachanika. Nimeifunga kwa taulo, nikaikandamiza kwa uzito wa mwili, nikabadilisha taulo, kisha nikaisimamisha kivulini penye upepo. Hapa hakuna njia ya mkato. Ukiifunika ikiwa na unyevu ndani, utakuwa umeufungia ukungu humo humo.

Wakati inakauka nimelikagua kava. Nilitamani kuweka kiraka, na kwa mpasuko wa katikati ya siti, mahali tambarare, kiraka kinachobandikwa kwa ndani kinafaa. Lakini huu uko kwenye mshono, na mshono tayari ni mstari wa matundu ya sindano. Halafu leza yenyewe, yaani ngozi bandia ya kava, imekauka: ukiikunja, inaonyesha vijufa vidogo vidogo. Kwa maoni yangu, kulitia kiraka kava la namna hii ni kupoteza uzi.

Wiki iliyofuata

Sponji imekauka hadi moyoni. Sehemu ya mbele iliyobonyea nimeikata na kuijazia kipande kipya kigumu kiasi. Sponji laini ya godoro ingebonyea tena upesi. Gundi nimepaka pande zote mbili na kungoja hadi isinatie kidoleni, ndipo nikabandika. Kipande nilikiacha kimezidi kidogo kwa makusudi, nikakisawazisha kwa msasa mpaka kiganja kikapita bila kuhisi kiungo.

Kava la zamani ndilo ramani. Kabla ya kulifumua kwa wembe, nilichora alama za chaki zinazokatiza kila mshono, ili vipande vipya vijue vinakutana wapi. Hapo ndipo nilipofanya badiliko pekee: mshono wa pembeni nimeuteremsha upana wa vidole viwili, ukae chini ya njia ya paja. Kurudisha mshono pale pale ulipochanikia sikuona mantiki yake.

Leza mpya inavutika zaidi upande mmoja kuliko mwingine, basi huo nimeuelekeza kwenye upana wa siti. Uzi ni wa poliesta, maana wa pamba unaoza kwa maji. Hatua ya cherehani, yaani umbali kati ya tundu moja la sindano na jingine, nimeiweka karibu milimita 4. Ukishona kwa hatua fupi sana unaitoboa leza hadi inajichana yenyewe. Penye tabaka nne nimezungusha gurudumu kwa mkono. Nyuma ya mishono nimepaka gundi, na juu ya sponji nikatandika nailoni nyembamba. Chini nimeacha wazi, na vitundu vya plastiki sijaviziba: maji yakijipenyeza, yapate pa kutokea.

Jumapili, kuvalisha

Kava nimelianika juani kwanza, lilegee. Pini ni za milimita 6. Ndefu kuliko hapo zingetokeza upande wa pili wa plastiki yangu. Pini ya kwanza katikati ya pua ya siti, ya pili nyuma baada ya kuvuta kwa nguvu, kisha ubavu huu na ule kwa zamu, kutoka katikati kwenda pembeni. Kwenye kona, mikunjo mingi midogo inalala vizuri kuliko mmoja mnene. Kona moja nimeifungua na kuirudia kwa sababu ya kikunjo ambacho pengine asingekiona mtu ila mimi. Ziada ya leza nimeikata mwisho kabisa.

Nimeimwagia maji ya ndoo, nikaifuta, nikaweka karatasi ya chooni na kukaa juu yake. Karatasi imetoka kavu. Mkanda wa kushikilia abiria bado haujarudi, kwa kuwa bolti zake zinapita kwenye kava; nataka kwanza nikate washa za mpira za kuziba hayo matundu.