Msiombe nishinde

Jumatano, usiku

Januari haijaisha na tayari nimeshaambiwa mara kadhaa huu ni mwaka wa nini. Bango la kanisa lililo karibu na kituo cha daladala linasema ni Mwaka wa Kumiliki. Jirani yangu, yeye kwenye mkesha wa mwaka mpya alitangaziwa Mwaka wa Kuvuka, na bado hajaondoa maneno hayo kwenye stetasi yake. Sisi Walutheri hatuna makeke mengi, ila bahasha za malimbuko, yaani sadaka ya mapato ya kwanza, tumegawiwa kama wengine. Sina ugomvi na malimbuko. Kinachonikwaza ni sala zinazofuata: gari, kiwanja, visa, kiwanja tena, zote kwa sauti ya abiria anayemdai konda chenji yake.

Lakini kila nikitaka kuwacheka wanaoomba hivyo, naikumbuka Moshi. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiyakimbilia mafuta ya upako. Siwezi kuwaita wenye tamaa. Anayekimbilia mafuta mara nyingi ameacha mgonjwa nyumbani, au ana deni linalomnyima usingizi. Nawalaumu wanaofundisha kwamba baraka ni chache, na atakayechelewa atazikosa.

Basi leo alfajiri jumuiyani kwetu, mama mmoja mjane alileta hitaji lake. Ana shauri la mpaka kwenye baraza la kata. Jirani anadai ua wa michongoma umeingia kwake kama hatua tatu. Mzee wa jumuiya akasema tumwombee mama yetu ushindi, na vijana, kama kawaida yao, wakapandisha moto: kila hila ivunjike, adui aaibike. Mama akainua mkono.

"Wanangu, samahani. Msiombe nishinde. Ule ua aliupanda marehemu, mimi wakati huo nilikuwa kijijini nimejifungua. Sijui aliupitisha wapi. Ombeni kweli ijulikane. Na ikionekana si pangu, Mungu anipe moyo wa kupaachia."

Vijana walipoa ghafla. Hakuna aliyekuwa na sala ya namna hiyo mdomoni. Nami nikawa namfikiria yule jirani anayeitwa adui: naye ni Mkristo, anasali Roma, misa ya kwanza hakosi. Naye bila shaka anamwomba Mungu huyohuyo hatua tatu zilezile. Sasa Mungu afanyeje?

Nimekua nikiisikia "mapenzi yako yatimizwe" zaidi msibani, mambo yakiwa yameshaharibika. Ni kama sala ya kukunja jamvi. Ila Getsemani haikuwa hivyo. Yesu alianza kwa kusema waziwazi anachotaka: kikombe kile kimwondokee. Ndipo akasema, "walakini si mapenzi yangu, bali yako yatendeke." Mathayo anasema alirudia maneno yaleyale hata mara ya tatu. Paulo naye alisihi mara tatu mwiba wake uondolewe, akajibiwa kwamba neema yatosha, na mwiba ukabaki. Kwa hiyo kuomba, hata kung'ang'ania, si dhambi. Na riziki imo katika Sala ya Bwana, ingawa imewekwa baada ya ufalme na mapenzi ya Mungu, tena ni riziki ya leo tu. Sala ya kiwanja cha pili Kigamboni sijaiona humo.

Nisieleweke vibaya. Yapo "mapenzi ya Mungu" ambayo siyapokei. Mjamzito anachelewa kufika hospitali kwa sababu gari halikuwa na mafuta, halafu makaburini mtu anasimama kutuambia Mungu amempenda zaidi. Hapana. Hayo ni mapenzi ya aliyekula hela ya mafuta.

Usiku huu nimejaribu kuomba kama yule mama, kwa jambo langu la uhamisho. Mama yangu yuko Same, miguu imevimba, peke yake kutembea hawezi. Tangu mwaka jana sala yangu ni moja: Bwana, nipate shule ya kufundisha huko, nikamtunze. Leo nikasema: Bwana, mama atunzwe, kwa njia uitakayo. Nikadhani nitapata amani. Badala yake nimekosa usingizi, maana nikiomba uhamisho jibu ni moja na ninalipenda, ila nikiomba mama atunzwe yanajitokeza majibu mengine ambayo sijayataka hata kidogo. Mama kuja kuishi nami huku, kwenye chumba na sebule, na choo kiko nje. Au wifi yangu, mke wa kaka, anayekaa mwendo mfupi tu kutoka kwa mama, na ambaye hatujasemezana tangu msiba wa baba.

Nilijaribu kumweleza Mungu kwamba wifi hatafaa. Nina sababu nyingi na nzuri, nilizitaja zote. Kisha nikamwona yule mama na mkono wake juu, akitukatiza sala tuliyokuwa tunamsaidia nayo.

Barua ya uhamisho nitakwenda kuikumbushia Ijumaa kwa ofisa utumishi, hilo siliachi. Wifi nitampigia kesho jioni, akishatoka sokoni. Nikimpigia mapema atasema yuko na wateja, na mimi nitafurahi kuikata.